Ufunguo kwa Kijana: Magari Saba ya Kujifunzia, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Kila mwaka, vijana waliomaliza kidato cha sita wakiwa wanasubiri chuo, nyumba nyingi za Dar es Salaam hupigwa swali moja: "Baba, lini utanifundisha gari?" Ana miaka 18, sheria inamruhusu, leseni ya kujifunzia anaweza kuikata. Linabaki swali la pili, na ndilo zito: atajifunzia gari gani?

Nimekaa kiti cha kushoto na vijana watatu, wawili wangu na mmoja wa dada yangu. Jibu langu halijabadilika: gari la kujifunzia ni lile ambalo likikwaruzwa, sauti yako haitapanda. Haya, tuhesabu, tukianza na lile la kufungiwa getini.

7. Land Cruiser ya mzee

Inapita kwenye mashimo kama vile hayapo, na kijana naye anajifunza kwamba hayapo. Siku atakapopewa gari dogo, shimo la Mbagala litamsalimia kwa jina. Uzito wake unazidi tani mbili, boneti imeinuka kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele, dereva haoni hata kofia yake. Na mzee mwenyewe anakumbuka kila shilingi ya ushuru aliyolipa bandarini: tawi likigusa rangi, yeye anashika kifua. Somo la kwanza lisiwe na wagonjwa wawili ndani ya gari.

6. Altezza, au Subaru yenye ekzosi ya kuamsha mtaa

Kijana ataipenda mno, na hiyo ndiyo sababu ya kumnyima. Kwenye makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, maana yake kabla mguu haujatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, umeshalipita duka la Mangi na foleni yake ya vocha. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Huyo ni mwanao, na wadogo zake, na rafiki zake wote. Gari la kwanza liwe zito kuondoka. Akilalamika kwamba linamchelewesha, mpe pole, umwambie ndilo hilo hilo.

5. Noah ya familia

Noah yenyewe haina ubaya. Shida ni abiria. Ukiiwasha tu, bibi anakumbuka ana safari ya Kariakoo, mdogo wa kijana anataka kushushwa Mwenge, jirani anauliza mnaelekea wapi, na ghafla dereva wa siku tatu ana kwaya nzima nyuma yake. Kila mmoja ni mwalimu, na bibi ndiye mkuu wa shule. Mzigo hatari kuliko wote ni rafiki wa kijana, wa rika lake. Majimbo mengi ya Marekani yanamwekea dereva mpya kijana ukomo wa abiria vijana anaoweza kuwabeba. Sisi tuliweke hilo nyumbani, kwa mdomo wa mama.

Noah nyingi pia zina breki ya kuegeshea inayokanyagwa kwa mguu, huko huko upande wa dereva. Likumbuke hilo, tutalirudia.

4. Kirikuu

Suzuki Carry, injini ya cc 660, na moyo wa kubeba saruji. Inafundisha klachi kuliko mwalimu yeyote: ukiiachia vibaya inaruka kama mbuzi aliyeona mvua. Lakini dereva amekaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, pua yake na bampa ni majirani wa ukuta mmoja. Iwe ya uwanjani, asubuhi, basi. Barabara ya Morogoro isimwone mwanafunzi ndani ya Kirikuu.

3. Gari la shule ya udereva

Lina kitu ambacho gari lako halina: pedeli ya breki upande wa mwalimu. Kwa hiyo aanzie huko, asome alama, asome nani apite kwanza kwenye mzunguko, azoeane na jicho la trafiki. Nimeliweka namba tatu kwa sababu ya muda. Binti yangu alikuwa anapandishwa gari moja na wenzake watatu. Somo la saa nzima, usukani anaushika dakika kumi na tano, zilizobaki anatazama kisogo cha mwenzake. Alivijua visogo vyote kwa majina. Zile saa zinazokosekana ni za mzazi kuziongeza, kwa gari lenye alama ya L mbele na nyuma, na mtu mwenye leseni pembeni.

2. Vitz, na dada yake IST

Magari ya otomatiki yaliyojaa kila kona ya mji, spea mpaka kwenye meza za barabarani. Vitz ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1999, IST ikafuata 2002, na zote mbili zina jambo ambalo wengi wanaliona kama kituko: saa ya mwendo imewekwa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Wewe uliyekaa kushoto unaisoma bila kuinama. Kijana hawezi kukwambia "niko arobaini" wakati namba inang'aa sitini mbele ya macho yenu wote.

Ni fupi, zinageuka uani, na kupaki ni kazi ya pumzi moja. Onyo moja tu: mguu wa kushoto ukae pembeni, usiguse kitu. Otomatiki ina pedeli mbili na mguu mmoja wa kuzihudumia. Wa pili ukija kusaidia, mmoja atakanyaga mafuta, mwingine breki, na ukuta wa jirani utahukumu.

1. Corolla 110 ya gia za mkono, yenye kovu

Ya kwetu ina kovu refu mlango wa nyuma, la tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Kovu hilo ndilo lililomfundisha mpwa wangu.

Tulikwenda Kawe, viwanja vya Tanganyika Packers, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Nikapanga ndoo nne za plastiki. Gari likazima mara tisa. Mara ya kumi nikamwambia aache mafuta kabisa, ainue klachi taratibu kama anayefunua sufuria ya ubwabwa, asikilize. Injini ikashusha sauti, boneti ikatetemeka, gari likajivuta lenyewe hatua moja, mbili. Akanigeukia amefumbua mdomo. "Mjomba, limeshika!" Hiyo ndiyo balansi, na mtu akishaihisi kwenye unyayo haisahau. Ndoo ya nne aliiponda. Nikacheka, naye akacheka, tukaendelea. Ingekuwa Land Cruiser ya mzee tungekuwa tumesharudi nyumbani kwa kununiana.

Wiki ya tatu tulipanda kilima kidogo cha Kimara, bajaji imekaa nyuma yetu kama imegundishwa. Akaachia breki kabla klachi haijashika. Gari likaanza kurudi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari pale katikati ya viti. Nikavuta hendibreki, likasimama. Dereva wa bajaji akapiga honi moja, mpwa wangu akavuta pumzi, akaanza upya: gia ya kwanza, balansi, hendibreki chini. Tukapanda.

Ndiyo maana Noah imekaa namba tano na Corolla imekaa hapa. Mwalimu wa nyumbani hana pedeli ya breki. Ana sauti yake na ule mkono wa chuma katikati ya viti.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujampa ufunguo, fanya hivi leo jioni. Kagua tairi, taa za breki na mikanda yote. Kisha liwashe gari lako, umweke mtu mwenye leseni kwenye usukani, wewe kaa kushoto, funga mkanda. Mwambie alisogeze polepole mahali palipo wazi, halafu jaribu kulisimamisha kwa hendibreki ukiwa umekaa hapo hapo. Kama mkono haufiki, au unafika na gari halisimami, hilo si gari la kumfundishia mtoto wako. Omba la shangazi yake.