Macho Yako, Namba za Shemeji

Safu ya Shangazi: barua zenu, majibu yangu, na ukali ikibidi

Mfuko wa barua wiki hii umejaa miwani. Inaelekea kuna mtu kaagiza kwa simu, akatangaza ofisini bei aliyolipa, na idara nzima ikaanza kulalamika macho. Najibu wachache. Waliobaki wasome ya wenzao.

*Shikamoo Shangazi. Nimeagiza miwani mtandaoni kwa chini ya nusu ya bei niliyotajiwa dukani. Imefika, fremu nzuri, kila mtu ananisifia. Lakini nikiivaa kichwa kinagonga na vitu havikai mahali pake. Juzi nimempa mkono mkuu wangu wa kazi nikashika hewa. Muuzaji anasema niizoee. Niizoee hadi lini?*
*Mpapasa Hewa, Tabata*

Marahaba mwanangu. Jambo kubwa hukuliandika kwenye barua, ila nimelikuta kwenye picha ya oda uliyoambatanisha. Penye PD, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya mboni hii hadi katikati ya mboni ile, umejaza 66. Cheti chako cha macho hakina namba hiyo. Nilipokuuliza umeitoa wapi, ukajibu bila aibu: kwa shemeji, maana watu husema mnafanana.

Mnafanana pua, labda. PD ya watu wazima wengi huangukia kati ya 54 na 74, na umeniambia kwamba ulipokwenda kupimwa hatimaye ulikutwa na 58. Kwa hiyo katikati ya kila lenzi pamekaa milimita nne nje ya mboni yako. Mtu mwenye namba ndogo, tuseme -1.00, angetembea na kosa hilo mwaka mzima asijue. Wewe una -6.00 macho yote mawili, na hesabu ya mambo haya haijui undugu: chukua umbali uliokosewa kwa sentimita, zidisha kwa nguvu ya lenzi. 0.4 mara 6 ni 2.4 kwa jicho moja. Kwa mawili ni 4.8. Wataalamu huita kipimo hicho prizimu. Maana yake kwako ni kwamba mwanga unafika ukiwa umepindishwa, na ili uone bosi mmoja badala ya wawili, inabidi kila jicho ligeukie nje, hili huku na lile kule. Macho yamezoea kutazama mbele na kuja ndani unaposoma. Kwenda nje hayawezi ila kidogo sana, nawe unayalazimisha kutwa nzima. Kichwa kisigonge kwa nini?

Kuzoea kwa halali kupo. Lenzi mpya, hasa ukiwa na namba kwenye safu ya CYL, zinaweza kukuyumbisha siku kadhaa na sakafu ikaonekana imeinama. Hilo huisha lenyewe. Maumivu yanayorudi kila ukiivaa si mazoezi, ni kosa linalotafuta mwenyewe.

Basi mtafute. Chukua miwani na cheti, nenda duka lolote la miwani lenye mashine ya kusomea lenzi, uwalipe wakuambie kilichotengenezwa ni kipi. Wakikuta lenzi zinalingana na oda yako, kosa ni lako na la shemeji. Wakikuta hazilingani, mrudishie muuzaji, na usikubali tena neno kuzoea. Ukiagiza upya, soma cheti polepole. OD ni jicho la kulia na OS la kushoto. Wapo wanaojaza fomu kama wanaojitazama kwenye kioo. AXIS ni pembe, inaanzia 1 hadi 180, na 17 si 170. Alama ya kutoa iangalie mara mbili, maana aliyeandikiwa -2.50 akajaza +2.50 ataletewa miwani itakayomzidishia ukungu, na kiwandani hakuna atakayemwuliza kama ana uhakika.

*Salaam aleikum Shangazi. Nilipimwa macho kwenye duka moja hapa mjini, nikalipa ada, nikapewa cheti. Nikaomba na PD. Yule bwana akakunja uso, akasema PD ni ya wanaonunua kwake. Macho si yangu? Nimdai?*
*Mwenye Macho Yake, Mombasa*

Waaleikum salaam, binti yangu. Macho ni yako. Kazi ya kuyapima ilikuwa yake, na sehemu ya kazi hiyo hukuilipia.

Mgogoro wenu ni wa zamani kuliko simu zenu. Marekani walitunga kanuni mwaka 1978: anayekupima macho akupe cheti chako akishamaliza, hata kama hukuomba, tena asikutoze kwa karatasi hiyo. Uingereza nao wana sheria ya 1989 inayotaka mtu aondoke na matokeo yake. Lakini kote kuwili PD imeachwa nje ya yale ya lazima, kwa hoja kwamba kupima uoni ni jambo moja na kutengeneza miwani ni jingine. Kwa hiyo hata huko wanakoshitakiana kwa kila kitu, watu wako kaunta wanabishana kuhusu milimita.

Bwana yule amekunja uso kwa sababu hali kwa ada ya kupima. Anakula kwa fremu. Mabango yote yale ya kupima macho bure au kwa bei ya kutupwa yanalipwa na fremu iliyo ukutani nyuma yake, na wewe ulikuwa kama mtu anayepimwa kiuno kwa fundi huyu akashone kwa yule. Sisemi umekosea. Nasema ungemwanza hivi: "Nipimie na PD, nikulipe kiasi gani?" Uso mwingi uliokunjwa hunyooka hapo. Asiponyooka, maduka ya miwani hayajaisha Mombasa.

Unaweza pia kupima mwenyewe. Simama mbele ya kioo, sentimita ishirini hivi, weka rula yenye milimita juu ya nyusi. Funga jicho la kulia, sifuri ikae katikati ya mboni ya kushoto. Halafu, bila kusogeza kichwa wala rula, funga la kushoto, fungua la kulia, usome. Rudia mpaka majibu yaelewane. Kwa namba ndogo za lenzi ya kawaida yanatosha. Kwa lenzi ya kuonea mbali juu na karibu chini, acha kabisa. Hiyo inadai pia kimo cha mboni ndani ya fremu ileile utakayoivaa, ikiwa imekaa juu ya pua yakoyako, na hapo lazima awepo mtu mwenye kalamu anayekutazama usoni.

*Shikamoo Shangazi. Niko Houston. Baba yangu yuko Moshi, ana miaka 71, gazeti hasomi tena na usiku hatembei. Hapa naweza kumwagizia miwani kwa bei ndogo sana. Nimtumie?*
*Mtoto wa Kiume, Texas*

Marahaba baba. Umemkumbuka mzee, hilo ni jema. Sasa weka kadi ya benki mezani unisikilize.

Najua kwa nini mtandao umekuteka. Umeishi kwenye nchi ambayo miwani ina bei ya kutisha. Kampuni ya Luxottica, aliyoianzisha Leonardo Del Vecchio kule Agordo, Italia, mwaka 1961, ilikua ikawa inatengeneza fremu, ikainunua Ray-Ban, ikamiliki na maduka ya LensCrafters. Mwaka 2018 ikaungana na Essilor ya Ufaransa, mabingwa wa lenzi. Mteja anaweza kuvaa fremu, akatazama kwa lenzi na kulipa kwenye duka, vyote vya mwenye mali mmoja. Ndipo walipopata nafasi Zenni wa California, wanaouza mtandaoni tangu 2003, na Warby Parker walioanza 2010 kwa dola 95 baada ya mmoja wa waanzilishi kusahau miwani yake ya dola 700 ndani ya ndege. Kwa mtu wa Houston mwenye cheti kipya mkononi, hao wamemtua mzigo.

Lakini mzee hayuko Houston, na cheti hana. Umeniandikia dalili, hukuniandikia namba hata moja. Katika miaka 71, gazeti kufifia kunaweza kuwa uzee wa kawaida wa jicho. Kunaweza pia kuwa mtoto wa jicho, ambaye hatoki kwa miwani bali kwa upasuaji. Inaweza kuwa kisukari. Inaweza kuwa presha ya macho, na hiyo huanza kula pembeni bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Kutotembea usiku ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi ya gazeti. Ukimtumia miwani ataipokea, atakusifu kijiji kizima, ataivaa kanisani, na ugonjwa utaendelea na kazi yake nyuma ya lenzi safi.

Tuma hela ya kupimwa na nauli. Moshi ipo KCMC, hospitali yenye idara ya macho na chuo kinachofundisha hao hao wataalamu wa kupima. Akishaambiwa ni namba tu, miwani yake ya kwanza itengenezwe hukohuko, wamkalishie puani, wamkunjie mikono nyuma ya masikio, na skrubu ikichomoka apate pa kwenda. Bei ya Moshi si bei ya Houston. Fremu nyingi za madukani kwetu zinatoka China, ambako na hao wa mtandaoni wanachukua. Miwani ya pili, ya akiba, namba zilezile, hiyo agiza huko uliko na mpe mtu anayekuja Krismasi.

Na usimtumie fremu tupu ukidhani umerahisisha. Maduka mengi hukataa kutia lenzi kwenye fremu iliyotoka kwingine, au hukubali baada ya kukuambia kwamba ikivunjika mikononi mwao ni yako. Wana haki.

*Shangazi, nasomea kompyuta. Wanauza miwani mtandaoni ya kuzuia mwanga wa bluu. Macho yanachoka. Ninunue? – Mwanafunzi, Nairobi*

Mwaka 2023 wapitiaji wa Cochrane walikusanya majaribio 17 kuhusu lenzi hizo, wasione dalili kwamba kwa muda mfupi zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Unachosahau ni kupepesa. Kila dakika ishirini inua kichwa, tazama kitu kilicho mita sita au zaidi, pepesa. Hela iliyobaki ule.

*Shangazi, mume wangu ana miaka 47, anavaa kwa siri miwani yangu ya kusomea. Nikimwambia kazeeka anasingizia umeme mdogo. – Mke, Tanga*

Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, na kwenye miaka ya arobaini hakuna anayeachwa, hata mwenye jenereta. Ile ya machinga pale stendi, +1.00, +1.50 na kuendelea, si sumu. Ina namba moja kwa macho mawili, basi, na mwenye macho yasiyolingana haitamfaa. Apimwe mara moja ajue yake. Wewe ficha ya kwako.

*Shangazi, mimi ni mtu wa miwani, Mwanza. Wanakuja wanajaribu fremu asubuhi nzima, wanapiga picha namba za ndani ya mkono, 52-18-140, wanaondoka. Kisha wanarudi na ya mtandaoni niwanyooshee bure. Niwafukuze? – Fundi Aliyechoka*

Usimfukuze mtu. Upana wa lenzi, daraja la pua na urefu wa mkono si siri ya duka, vimeandikwa na kiwanda ili visomwe. Kosa ni kwamba miaka yote umeificha kazi yako ndani ya bei ya fremu, na sasa simu imemwonyesha mteja fremu ikiwa peke yake. Hawezi kulipia asichokiona.

Bandika ukutani, kwa herufi ambazo hata wasio na miwani watasoma: kupima macho, bei; PD, bei; kimo cha lenzi, bei; kusoma lenzi ya kwingine, bei; kubadilisha pedi za puani, bei; kunyoosha fremu, bure kwa iliyonunuliwa hapa, bei kwa nyingine. Bandika na cheti chako cha usajili cha Baraza la Optometria, maana muuzaji wa kwenye simu hana cha kubandika. Ukipima, andika namba zisomeke. Mwandiko wa kuwakomoa wateja wasinunue kwingine naujua, acha. Fremu zako pia zipunguze bei kidogo, nimeziona.

Atakayekuja na miwani ya mtandaoni iliyopinda akakataa kulipia kunyooshwa, mrudishie ikiwa imepinda vilevile, umpe na kitambaa cha kuifutia.