Dakika 15 za Nani?

Jumatano, saa 11 na nusu jioni, jikoni kwa watu, Tabata. Mama mwenye nyumba yuko kwenye foleni, anatoka Posta. Dada wa kazi anamenya karoti. Juu ya meza imesimamishwa simu ya kurekodia, ile ya pili, kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Mlango wa friji haufungi vizuri tangu Pasaka, kwa hiyo walio ndani wanasikia ya nje, na wa nje wanasikia ya ndani.

SIMU: Shikamoo, Bi Kiporo.

KIPORO: (kutoka kwenye friji) Marahaba, mwanangu. Umeshiba chaji?

SIMU: Asilimia mia. Ila samahani, shikamoo hii naitoa kwa shida. Wewe umepikwa jana tu.

KIPORO: Nimepikwa jana, lakini nimelala. Wewe una miaka mitatu na hujalala hata usiku mmoja. Ndiyo maana unaongea bila kufikiri.

SIMU: Leo tuna kazi kubwa. Wali wa kukaanga wa kuku, wa pilipili. Maneno ya juu ya video nimeshaandikiwa: "Umechoka kazini? Chakula cha jioni kwa dakika 15 tu!"

KARAI: Dakika 15 kuanzia wapi?

SIMU: Kuanzia nikiwashwa.

MWIKO: Ahaa. Kumbe kabla hujawashwa hakuna saa.

KIPORO: Hebu tuhesabu, maana mimi niko kwenye baridi, siendi popote. Jana saa 2 usiku Dada alinipika, mchele wa Kyela, maji pungufu kidogo nisije nikalainika. Hakuniacha sufuriani nilale na mvuke wangu. Alinitandaza kwenye sinia, mvuke ukatoka, haikupita saa moja nikaingia friji. Leo saa 9 akaenda gengeni: karoti, hoho, vitunguu, tangawizi, mayai. Akarudi, akaosha, akamenya, akatwanga saumu. Mapaja ya kuku akayatoa kwenye barafu, hakungoja yalainike kabisa, maana nyama iliyo nusu barafu ndiyo inayokatika nyembamba. Akatoa mifupa. Akayapaka soya sosi, tangawizi na kijiko cha chai cha kornfulawa, akayaacha yakae. Sasa yuko karoti ya tatu. Hizo ni dakika ngapi, mwanangu?

SIMU: Hayo ni maandalizi.

MWIKO: Na maandalizi hufanywa na nani? Majini?

SIMU: Kwenye video vitu huwa tayari kwenye vibakuli vya kioo. Kibakuli cha karoti, kibakuli cha hoho, kibakuli cha saumu, kibakuli cha chumvi...

KARAI: Chumvi nayo ina kibakuli?

SIMU: Inapendeza.

KARAI: Nimekaanga chipsi barabarani miaka minne kabla sijauzwa humu ndani. Yule kijana alikuwa anachota chumvi kwenye kopo la maziwa ya unga, na watu walikuwa wanapanga mstari.

SIMU: Mstari siyo wafuasi, mzee.

KARAI: Mstari ulikuwa unalipa.

(Dada anainama, anachungulia chini ya meza. Anajisemea: "Mbuzi iko wapi jamani?")

MBUZI YA NAZI: (kutoka chini ya meza) Niko hapa! Hatimaye! Nilijua tu, nilijua siku moja nazi itarudi humu ndani!

PILIPILI MBUZI: (kutoka kwenye mfuko wa gengeni) Naitwa mimi, bibi. Kaa chini.

MBUZI YA NAZI: Nimekaa chini tangu yaje maboksi ya tui. Wewe mbuzi gani, huna hata miguu?

PILIPILI MBUZI: Na wewe una meno bila tumbo.

NYAMA YA MBUZI: (sauti nzito, kutoka kwenye barafu) Jamani, kuna aliyeniita? Niko humu tangu Idd, jirani alinileta kwa heshima zote, na hakuna aliyenifungua.

MBUZI YA NAZI: Hujaitwa wewe.

NYAMA YA MBUZI: Nimesikia mbuzi.

PILIPILI MBUZI: Mbuzi ni mimi.

NYAMA YA MBUZI: Mbuzi mwenye damu ni mmoja tu humu ndani. Nyie mmeazimishwa jina. Mlilipeleka wapi zizi? Mmelia lini mee?

MBUZI YA NAZI: Mimi ndiye pekee ninayekaliwa mgongoni...

KUKU: (kutoka kwenye bakuli) Basi, basi! Na mimi niliye kuku kweli, sijaulizwa hata mara moja, na jina langu limeandikwa kwenye video.

(Dada anachukua pilipili. Mbuzi ya nazi ananyamaza. Nyama ya mbuzi anaendelea kunung'unika peke yake, hakuna anayemsikiliza.)

PILIPILI MBUZI: Kuku, usiogope. Mimi nawasha lakini sina roho mbaya.

KUKU: Niogope nini? Sisi ndege pilipili hatuisikii. Nikiwa bandani ningekumeza na mbegu zako na nisitoe hata chozi. Ule moto wako unawashika wanyama wanaonyonyesha tu. Sisi umetupa ruhusa, ili tukadondoshe mbegu mbali.

PILIPILI MBUZI: Ni kweli. Na kuna mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912 alibuni njia ya kupima ukali wetu. Alikuwa anatuchanganya na maji ya sukari, anawaonjesha watu, anaongeza maji mpaka waseme hawasikii kitu. Angewaonjesha kuku, kila pilipili ingepata sifuri.

MWIKO: Watu wanasema pilipili usiyoila yakuwashiani. Kumbe kuna anayeila na haimwashi, na bado anakuja kupikwa nayo.

PILIPILI MBUZI: Muwaambie tu hao wa video kitu kimoja. Ukali wangu haukubali maji, unakubali mafuta. Mkinitia mzima kwenye mafuta ya moto mwanzoni nikatulia humo kidogo kisha mkanitoa, wali wote utanijua. Mkinikatakata na kunitia mwisho, mmoja atalia na mwingine atauliza pilipili iko wapi. Na atakayelia msimpe maji. Mpeni maziwa.

SIMU: Hiyo ni ndefu. Video ni sekunde 58.

(Kiswaswadu cha Dada kinalia. Sauti ya Mama inasikika jiko zima, maana spika ya kiswaswadu haijui siri: "Dada, nimefika Buguruni. Ule wali wa jana mwaga. Pika mwingine, wa moto, unaotoa moshi. Watu wakijua tunakula kiporo ni aibu." Dada: "Sawa, Mama.")

(Kimya. Friji lenyewe linaacha kuvuma.)

SIMU: Pole, Bi Kiporo. Ni mambo ya picha tu.

KIPORO: Aibu! Nyumba nzima asubuhi inanila na chai kabla jua halijachomoza, lakini jioni mbele ya wageni wasioonekana mimi ni aibu. Sikiliza, mwanangu, nikueleze kwa nini wewe ni mpumbavu, kisha unisamehe kwa kuwa mkubwa hakosei.

SIMU: Nakusikiliza.

KIPORO: Wali wa kukaanga ulibuniwa kwa ajili yangu. Haukubuniwa kwa ajili ya moshi. Wali ukiwa wa moto, wanga wake ni laini, umelewa maji, unanata. Ukilala kwenye baridi wanga unakaza, uso wa punje unakauka, punje inasimama peke yake. Huyo ndiye anayekubali kukaangwa. Mtie karai wali uliotoka sufuriani sasa hivi, atatoa mvuke, atajipika mara ya pili, utapata bokoboko lenye karoti. Wachina wanajua, Waindonesia wanajua, na bibi yake Mama alijua bila kuambiwa na mtu. Mama peke yake, mwenye simu mbili, hajui.

KARAI: Na moto nao. Moto wangu lazima uwe mkali, na msinijaze. Kuku kwanza, mkamtoa. Mayai, mkayatoa. Vitunguu, karoti, hoho. Saumu baadaye, maana inaungua haraka ikawa chungu. Ndipo wali. Na mkiutia, muutandaze mkauache kidogo, ushike rangi. Mwenye mkono usiotulia anapika uji.

MWIKO: Na soya sosi ipite ukingoni mwa karai, pale penye moto, isimwagwe katikati kama mtu anayemwagilia mchicha.

SIMU: Lakini kiporo kinaweza kuleta magonjwa. Niliona.

KIPORO: Uliona nusu. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Ukiuacha wali kwenye sufuria, umefunikwa, joto la Dar, usiku kucha, mbegu zinaamka, zinazaliana, zinaacha sumu, na sumu hiyo hata ukiikaanga haiondoki. Basi mwenye hatia ni sufuria na uvivu. Mimi nilitandazwa, nikapoa, nikaingia friji. Nani alifanya hivyo? Mama alikuwa anatazama tamthilia.

KUKU: Una hasira leo.

KIPORO: Nina hasira ya siku nyingi, mimi nina siku moja tu ya kuitolea. Mnajua mji wa Yangzhou, China, uliotoa jina kwa wali wa kukaanga maarufu sana? Mwaka 2015 walikusanyika wapishi huko wakakaanga wali zaidi ya tani 4, kutafuta rekodi ya Guinness. Rekodi ikafutwa. Unajua kwa nini? Sehemu ya wali ilipelekwa kwa nguruwe. Guinness walisema chakula cha rekodi lazima kiliwe na watu.

SIMU: Sisi hatuna nguruwe.

KIPORO: Mna kamera. Chakula kinapikwa kwa ajili ya jicho, na tumbo linapewa kilichobaki.

MWIKO: Mimi, jina langu mnalijua. Kwa hiyo nina haki ya kutoa mwiko. Ni mwiko kusema dakika 15 kwa kazi ya saa nne.

SIMU: Lakini kwa Mama ni dakika 15! Hasemi uongo. Anaingia, anavua viatu, ananiwasha, anakaanga, anamaliza.

MWIKO: Hapo ndipo mnapofika, na hapo ndipo ninapotaka kuwapiga kichwani. Dakika za Mama zina saa. Za Dada hazina. Dada ameamka saa 11 alfajiri, ameandaa watoto wa shule, amefua, amepiga deki, amekwenda gengeni, amemenya karoti tatu, sasa anapika wali wa pili kwa amri ya simu, na saa 4 usiku atakuwa anaosha vyombo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa aliye jikoni". Mama anaijua. Ofisini kwake Posta, akizidishiwa nusu saa, anaandika barua pepe kwa idara ya rasilimali watu. Nimemsikia akiisoma kwa sauti hapa hapa, huku Dada anamkatia embe!

(Kimya tena.)

KARAI: Hayo umesema wewe au Kiporo?

MWIKO: Sijui. Tumekaa sinia moja muda mrefu.

KIPORO: Na nyie wanaume mnaotazama hizo video mkiwa mmelala kwenye kochi, kisha kila mmoja anamwambia mkewe "mbona mwenzio anapika kwa dakika 15"...

SIMU: Hakuna mwanaume humu jikoni.

KIPORO: Ndiyo shida yenyewe.

(Saa 1 na robo. Geti linafunguka. Mama anaingia, anavua viatu, anajifuta uso, anafunga aproni mpya yenye maandishi ya Kifaransa. Simu inawashwa. "Habari zenu wapendwa! Leo ni rahisi sana." Kuku anaingia, anatoka. Mayai yanaingia, yanatoka. Pilipili imekatwakatwa, inaenda mwisho. Wali mpya unaingia, unatoa moshi mzuri sana, kisha unatulia chini ya karai kama udongo wa tofali.)

MAMA: Kata hapo! Kata! Dada, mbona wali wako unanata?

DADA: Ni wa moto, Mama. Wa jana nilikuwa sijaumwaga.

(Mama anatazama mlango. Anatazama simu. Anaifunika simu kwa kiganja, kana kwamba ina masikio, na kweli inayo.)

MAMA: Ulete.

(Kiporo anatoka friji, punje moja moja, anaingia karai. Sauti inabadilika, ni ile ya mvua kwenye bati. Mkono wa Dada unapita mbele ya kamera ukitoa sinia. "Huo mkono tutaukata," anasema Mama.)

SIMU: Bi Kiporo, umependeza.

KIPORO: (kutoka kwenye sahani, juu amewekewa jani la kotimiri ambalo halikuwa kwenye mapishi) Siku zote. Sema hivyo kwenye video.

SIMU: Siruhusiwi.

(Saa 3 usiku. Video imepanda. Mtu wa kwanza anauliza: "Dada yangu, wali wako unachambukaje hivyo?" Mama anajibu: "Ni mchele tu mpenzi." Sebuleni wanakula, wanapuliza midomo, mtoto mmoja analia, wanampa maji. Jikoni Dada amekaa kwenye mbuzi ya nazi, maana ndicho kiti pekee cha chini, anakula bokoboko na maharage ya mchana.)

MBUZI YA NAZI: Angalau leo nimekaliwa.

SIMU: Watu 900 wameshatazama. Jamani, chaji yangu imeisha, nani ataniweka kwenye umeme?

MWIKO: (kutoka kwenye beseni la vyombo) Subiri kidogo. Anaosha. Vibakuli ni vingapi, Mbuzi, wewe uko karibu?

MBUZI YA NAZI: Kumi na moja.

MWIKO: Na kile cha chumvi?

MBUZI YA NAZI: Ehe. Kumi na viwili.