Baba wa Karatasi

Sheria ya Kongo haitaki kusikia habari ya mtoto asiye na baba. Si maneno yangu. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, ile iliyorekebishwa 2016, inasema kila mtoto wa Kikongomani lazima awe na baba. Ni neno zuri, na ningelipigia makofi kama ningeishia hapo. Ukiendelea kusoma unakuta kwamba baba mwenyewe asipopatikana, hakimu anateua baba wa kisheria, mwenye haki zote na mizigo yote ya baba, na anaanza kumtafuta katika ukoo wa mama. Sasa katika ukoo wa mama, nani hana safari, ana shati lenye kola, na anajua kusema « Bonjour, shefu » bila kutetemeka?

Mjomba. Na mjomba ni mimi.

Mpwa wangu alitoka hapa Kindu kwenda kutafuta vitenge: treni hadi Kalemie, halafu boti kuvuka ziwa hadi Kigoma. Alikaa kuliko vitenge vinavyohitaji. Amerudi na marobota yake na mtoto wa kike anayetembea, anayekula sombe kama aliyezaliwa Mikelenge, na anayemwamkia « shikamoo » kila apitaye, mbuzi wakiwemo. Huku kwetu watu wanamjibu « jambo », naye anabaki amesimama katikati ya njia, mkono kichwani, akingoja marahaba yake. Baba yake ni fundi wa injini za boti kule Kigoma. Ndoa hakuna. Mahari hakuna, hata pakiti ya chumvi haijavuka ziwa.

Dada yangu hakupoteza muda. « Kaka, wewe ndiye mwenye Kifaransa. Mpeleke mtoto aandikwe kwa Leta. »

Kwa hiyo nikaenda ofisi moja ya serikali mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu muhuri wake bado nauhitaji. Nikaweka mezani tangazo la kizazi la Kigoma, limekunjwa vizuri ndani ya plastiki. Kijana wa mezani akaligeuza huku na huku.

« Papa, hii iko kwa Kiswahili. »

« Ndiyo, shefu. »

« Hatuwezi kuisoma. Lete ya Kifaransa, na mtafsiri awe amekula kiapo. »

Hayo yote aliyasema kwa Kiswahili safi cha Kindu. Halafu akasoma jina la mtoto kwa sauti, tarehe, uzito aliozaliwa nao, akasema, « Alikuwa mnene huyu, » kisha akanirudishia karatasi isiyosomeka. Kifungu cha kwanza kabisa cha Katiba ya 2006 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini lugha ya Leta ni Kifaransa, na mtoto huyu ana shida na Leta, si na taifa.

Bado kuna suala la siku. Kuzaliwa kunaandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, unaingia mahakamani kutafuta hukumu ya kuziba pengo la cheti. Mpwa wangu angeweza kumwandikisha kulekule Kigoma, maana ubalozi mdogo wa Kongo upo, mji wenyewe si mkubwa. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda, alinijibu, « Mjomba, nilikuwa nanyonyesha. » Mke wangu aliitikia kwa kichwa, na kesi ikafungwa.

Tuwe wakweli kidogo kabla sijaendelea kulalamika: juu ya uraia wenyewe, sheria yetu si mbaya. Ile ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa akiwa na mzazi mmoja Mkongomani, baba au mama. Haiulizi kama mlifunga ndoa, wala kama alizaliwa kwenye maji ya Lualaba au ya Tanganyika. Ruka mpaka uende Burundi, utakuta sheria ya mwaka 2000 bado inamtazama baba kwanza, na mama anaitwa pale baba anapokosekana. Kwa hiyo mtoto wetu ni Mkongomani kwa sababu mama yake ni Mkongomani. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala unaanza na yule fundi wa injini. Kwa sheria ya Tanzania ya 1995 mtoto huyu ni Mtanzania pia, na kule anavumiliwa akiwa na uraia wa nchi mbili hadi afike miaka 18, ndipo achague. Sisi hatuna uvumilivu huo. Sheria yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine wowote. Wakenya tangu Katiba ya 2010 wanabeba pasipoti mbili mfukoni na jua linachomoza kama kawaida, lakini kwetu mtoto wa meno manane aamue. Akichagua uraia wa baba, atakuwa mgeni Kindu, na itabidi atafutiwe viza ya kuishi kwenye nyumba ya bibi yake, kwenye mkeka uleule anaoukojolea.

Nasema « aamue » nikikumbuka kwamba mwaka 2007, Bunge la Kinshasa lilipojikuta na wabunge wenye uraia wa nje, waheshimiwa walipewa muda wa kujirekebisha. Mpaka leo sijasikia kengele ya kuumaliza muda huo. Mtoto wetu angeomba muda huohuo, si zaidi. Urais tumeshauweka pembeni, maana mwaka 2021 liliingizwa bungeni pendekezo lililotokana na wazo la Noël Tshiani, kwamba kiti hicho kikaliwe tu na mwenye baba na mama wote Wakongomani. Dada yangu alipolisikia alisema afadhali, kazi yenyewe ina kelele.

Basi tukampigia fundi. Ni kijana mwenye adabu, aliniamkia kwa kirefu. Anamkubali mwanawe, hana ubishi, lakini kuja Kindu kutangaza hivyo mbele ya Leta ni nauli, na mwezi huu injini hazijaharibika za kutosha. « Mzee wangu, » akasema, « kwa sasa nisaidie tu wewe hapo. »

Nikusaidie! Kwetu mpwa akija kwa mjomba anakamata kuku bila kuuliza, na mimi kuku nimewatoa bila manung'uniko ya kusikika. Lakini kuku haendi shule. Baba wa kisheria analipa shule, kalamu, sare, na dawa ya malaria.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili baada ya misa. Kaka yangu mkubwa wa Alunguli, ambaye hupata homa kila michango inapoitishwa, alivuka mto na mtumbwi akakaa kimya karibu na mlango. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwa penseli. Ndipo shangazi mmoja, akichambua mchele, akasema kana kwamba anajisemea mwenyewe kwamba huyu ni mtoto wa kike, na baba wa karatasi ndiye atakayepokea mahari.

Kaka akasimama. Homa haikuonekana. Akauliza kama penseli inafutika.