Baiskeli Ikimpanda Mwenyewe

Mbio za nyika za kukimbia na kuendesha baiskeli huhesabiwa kuwa michezo miwili, lakini mvua ikinyesha Mashuuru hubaki mmoja tu: kukimbia, wengine mikono mitupu, wengine wamebeba vyuma. Shahidi wangu ni udongo. Ule mweusi wa huko, kama wa Kitengela na Isinya, ambao mafundi wa nyumba huuita blakkoton, kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Ukinywa maji huvimba, kisha ukateleza na kunata kwa wakati mmoja, ilhali udongo wenye adabu huchagua moja. Kabla ya kujenga msingi, mafundi huuchimba na kuutupa mpaka wafikie murram au mwamba. Ikiwa nyumba ya mawe, isiyo na safari yoyote, haiaminiwi juu yake, magurudumu mawili yanatafuta nini?

Litazame gurudumu la nyuma kwa karibu. Mzunguko wa kwanza linaokota tope. Wa pili, tope linaokota nyasi, vijiti na miiba ya mgunga. Wa tatu, pengo kati ya tairi na fremu limezibwa, breki imefunga bila kuguswa na cheni inacheua kama ng'ombe mzee. Hapo mwenye baiskeli huitia begani, na aliyekuja kupanda akapandwa. Mkimbiaji naye viatu vyake vimekuwa matofali, ila akipiga teke donge huruka (likimwangukia mwenzake, hilo ni la waamuzi). Baiskeli haijui kupiga teke.

Wapo watakaosema Ulaya kuna mbio za baiskeli matopeni ambamo kubeba begani ni sehemu ya mchezo. Kweli, lakini kule mshindani ana baiskeli ya pili kituoni, na msaidizi anayeiosha ile chafu kwa bomba la maji ya kasi. Huku maboma mengi hupata maji ya kupikia kwa mgongo wa punda. Atakayeomba mtungi mmoja wa kuoshea gia ajiandae kwa majibu. Wengine watanitajia Safari Rally, kwamba Mkenya na tope wamezoeana. Ile ya 1963 ilimalizwa na magari saba tu, na ya 1968 saba vilevile. Hesabu hiyo inanitetea mimi. Mashine zenye injini zilikwama, lakini kwa miguu, timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003. Miguu haina madigadi. Halafu kuna yule anayeshikilia kwamba raha yenyewe ni kuteseka. Huyo asilipe kiingilio, ahamie tu mitaa ya ndani ya Kitengela mwezi wa Aprili, ambako watu huenda kazini na gambuti miguuni, viatu vya ofisini kwenye begi, na wakifika stejini hakuna anayewavisha medali.

Basi waandaaji, kama baiskeli ni lazima, leteni mzani wa kupimia magunia. Kila moja ipimwe ikiondoka na ipimwe ikifika, kisha kombe apewe aliyeongeza kilo nyingi kuliko wote.