Kirikuu au Hilux? Anza na Mzani

Kabla hujaenda yadi, nenda kwenye mzani wa sokoni. Wanunuzi wengi wa pikapu zilizotumika huanza na rangi, wakahamia kwenye redio, kisha bei. Mzigo huwajia kichwani siku ya kupakia. Wewe anza na mzigo. Andika kwenye karatasi utabeba nini, kilo ngapi, na kwa barabara ipi. Uende yadi na karatasi hiyo, na shemeji yule anayejua magari yote abaki nyumbani.

Kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake kina Daihatsu Hijet, ilitengenezwa kwa sheria ya Japani ya magari madogo: injini isizidi cc 660, mzigo usizidi kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji. Ndiyo, saba. Magunia ya mahindi ya kilo 100 ni matatu na nusu, na lumbesa mbili za viazi zikishapanda, ya tatu usiitupie hata jicho.

Kama karatasi yako inasema trei za mayai, mitungi ya gesi na kreti za soda, tena mjini kwenye tambarare, chukua kirikuu bila kuona haya. Inapenya uchochoro unaoishinda Hilux, na mafuta inakunywa kidogo. Anayekucheka kwa injini ndogo hatakuchangia dizeli. Kama inasema mchanga na nondo, huna cha kujadili: tafuta Hilux ya dizeli, ya cc 2,494 au zaidi. Hilux ya petroli ya cc 1,998 ipo katikati, inamfaa mwenye mzigo wa wastani.

Mwenyeji wa milimani aongeze hesabu nyingine. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ndogo ya petroli hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Njombe ipo karibu mita 2,000. Injini iliyokuwa inajikongoja Kibaha, huko juu utaisukuma.

Sasa nenda ukalione gari, asubuhi, kabla halijawashwa. Injini ya kirikuu ipo chini ya kiti, kwa hiyo omba kiti kiinuliwe na uweke kiganja karibu na injini. Ukiona ina joto, kuna mtu ameipasha kabla hujafika ili usiisikie inavyosumbua kuwaka. Rudi kesho. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Dalali atakwambia, “Bosi wangu, hili lilikuwa la mwalimu mstaafu, safari yake kanisani tu.” Mwitikie kwa adabu, kisha lala chini ya gari. Hesabu majani ya springi upande wa kulia na wa kushoto. Ukikuta jani nene kuliko mengine, lisilofanana nayo kwa kutu wala umbo, huyo mwalimu alikuwa anasomba mchanga. Angalia chesisi nyuma ya kabini: hapo ndipo inapopasuka gari likizidishiwa mzigo, na ndipo wanapochomelea na kupaka rangi mpya. Rangi inayong’aa chini ya gari kuukuu ikutie wasiwasi.

Halafu lipakie gari mzigo ulioandika kwenye karatasi, upande nalo mlima. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Ukiamua kununua, linganisha namba ya chesisi na kadi kabla ya kulipa shilingi ya mwisho, na mkataba uandikwe mbele ya wakili. Na baadaye, siku yoyote, fundi atakushauri uongeze jani la springi ili kirikuu ibebe tani. Kataa, nenda safari tatu. Springi haiongezi nguvu ya injini wala ya breki. Breki zilizotengenezwa kwa kilo 350 ndizo zitakazotakiwa kusimamisha tani nzima mteremkoni, na utingo amekaa juu ya mzigo.