Bonge Anakufa Sehemu ya Kwanza

Jambo ambalo sijawasamehe Wathai hadi leo ni kumuua bonge katika sehemu ya kwanza, hata chai yangu haijapoa.

Namsema Kadesurang wa Bupphesanniwat, tamthilia ya mapenzi iliyorushwa na Channel 3 ya Thailand kati ya Februari na Aprili 2018, sehemu 15, ikitokana na riwaya ya mwandishi anayejiita Rompaeng. Kadesurang ni msichana wa Bangkok ya leo, kasomea mambo ya kale, mnene, mwenye maneno mengi, anapenda kula na anapenda kucheka. Ukishamzoea na kusema huyu ndiye wangu, gari linapata ajali na Kadesurang hayupo. Roho yake inarudi nyuma zaidi ya miaka 300 hadi Ayutthaya, mji mkuu wa Siam enzi za Mfalme Narai, na kuingia katika mwili wa binti wa ukoo bora aitwaye Karakade. Mwili huo una kiuno cha kuzungushia viganja viwili vikakutana.

Mimi ni mtu wa kilo zangu. Ninazibeba mwenyewe, sijamwomba mtu anisaidie. Nilikuwa na haki ya kumwona bonge mwenzangu akipitishiwa mtandio wa hariri begani, akishuka ngazi za nyumba ya mbao ya kibwanyenye huku vijakazi wakimfuata na mwavuli. Wakaninyima.

Lakini nikaendelea kutazama, kwa sababu ya mama mkwe. Alikuwa anapita tu kwenda kuchukua kanga yake. Wakati huo yule Karakade wa mwanzo bado anapumua, na anamwonea wivu binti mwingine, Chanwat, kwa ajili ya mchumba wake Det. Akapanga mtumbwi wa Chanwat upinduliwe mtoni. Chanwat akapona, kijakazi wake akafa maji. Nani kafanya? Kila mtu anakana. Basi mzee mwenye nyumba, baba yake Det, akakaa usiku akasoma apizo kwamba aliyetenda na afe. Karakade akaanza kutapatapa.

"Halbadiri!" mama mkwe akajipiga goti. "Kumbe na wao wanayo!"

Akakaa kwenye jamvi, na kanga ikasahaulika.

Tamthilia yenyewe aliileta wifi yangu, ndani ya flashi iliyojazwa na kijana wa muvi pale stendi. Kijana yule ana mkono mwepesi na jicho zito. Sehemu ya kwanza aliiweka mahali pake, ya pili mahali pake, na mahali pa ya tatu akaweka ya mwisho. Kwa hiyo jioni ile tulimwacha Det akimtazama Karakade kwa chuki, hataki hata kukaa naye upenu mmoja. Tukaenda kusali isha. Tuliporudi wameshaoana na wana watoto.

Mama mkwe akauliza kwa upole, "Kwani tumesali muda gani?"

Mambo yaliponyooshwa, sebule ikagawanyika. Det ana mama, Bibi Champa, mwanamke wa heshima anayetafuna tambuu na kumtazama Karakade kwa jicho la chini. Hampendi. Binti anaongea ovyo, anacheka kwa sauti, anatembea kwa kishindo, anakaa vibaya. Mama mkwe wangu alihamia upande wa Champa siku ile ile, na yote aliyoyameza kwa adabu tangu nilipoolewa akapata mahali pa kuyatolea. Macho yake yapo kwenye runinga, maneno yananijia mimi.

"Mwangalie huyo, mwanamke mzima anakula, sahani anaiacha hapo hapo."

Sahani yangu ilikuwa kwenye mkeka, ganda la ndizi juu yake.

"Kweli mama," nikasema, "hawa Wathai hawana adabu." Nikainuka nikaipeleka jikoni.

Champa alipoanza kulainika, kwa sababu mapishi ya yule binti ni matamu na moyo wake mweupe, mama mkwe alisema wazi kwamba hapo wamebadilisha mwandishi.

Mapishi ndiyo yaliyonikamata mimi. Tamthilia nyingi za mapenzi watu wanalia. Hii watu wanakula. Mtu katoka karne nyingine, kafa, kaamka kwenye mwili wa mwenzake, na shida yake kubwa ni leo tunakula nini. Wanakula kamba wa mtoni waliopasuliwa na kuchomwa juu ya makaa, mafuta ya kichwani yanachuruzika yakiwa ya rangi ya chungwa, pembeni kibakuli cha pilipili. Karakade anaagiza hadi kikaango chenye nundu katikati ili achome nyama jinsi Wathai wa leo wanavyochoma. Nyama yenyewe ni ya nguruwe. Mama mkwe akaomba tupeleke mbele, tukapeleka mno, tukatua kwenye ugomvi ambao hadi leo sijui ulianzaje.

Halafu likaja embe. Embe bichi, limekatwa vipande virefu, linachovywa kwenye mchuzi mzito mweusi mtamu. Mchuzi huo hupikwa kwa sukari ya mvumo, vitunguu vidogo, pilipili, kamba wakavu, na ile sosi yao ya samaki waliolazwa kwenye chumvi miezi na miezi. Wifi akahesabu kwa vidole. Uduvi tunao, vitunguu tunavyo, pilipili ipo mtini, sukari guru ipo kabatini. Sosi ya samaki ndiyo hakuna. Akakata shauri kwamba ng'onda ni samaki, ana chumvi, na amekaa siku nyingi. Akichemshwa vya kutosha atatoa kitu kile kile.

Akaibandika sufuria, ng'onda na sukari guru pamoja, akarudi kukaa. Na Det naye, jioni hiyo hiyo, akaamua kuanza kutabasamu. Hakuna aliyeinuka. Sukari ikaungua, ng'onda akashika chini, na moshi uliotoka jikoni ulikuwa na uzito wa kuukata kwa kisu. Paka wa mtaa wakajipanga barazani. Jirani akabisha hodi, akauliza kwa heshima kama kuna kitu kimetufia darini. Sufuria ile sasa imepandwa mwarobaini. Embe tulilila kwa chumvi na pilipili, na wifi akadai kwamba Wathai wenyewe wangelionja lile letu wangeliacha lao.

Maji nayo yalituponyoka hivyo hivyo. Mtaani kwetu bomba hutoka usiku, kidogo, bila taarifa. Mwenye masikio ndiye mwenye ndoo. Usiku mmoja Karakade kaamua kwamba maji ya kunywa ya nyumba ile hayamridhishi. Anapanga vyungu, anatia mchanga, anatia mkaa, anawafundisha watumishi kuchuja. Sebuleni kwetu watu wazima wanashangaa, ona akili! ona akili! Nje bomba likanguruma, likatapika, likanyamaza. Asubuhi mume wangu alioga kwa maji yaliyobaki kwenye birika, na alipouliza kulikoni mama yake akamwambia akamwombe Karakade amchujie.

Huyo mume wangu alianza kwa kusema haya ni mambo ya wanawake. Aliyemnasa ni Phaulkon. Constantine Phaulkon alikuwa mtu wa kweli, Mgiriki aliyefika Siam kwa njia ya meli za biashara, akajifunza Kithai, akapanda hadi kuwa mtu wa karibu kabisa wa Mfalme Narai. Mwaka 1685 ukaja ujumbe wa Louis XIV wa Ufaransa, mwaka uliofuata balozi wa Siam, Kosa Pan, akapelekwa Versailles kuurudisha ugeni, na 1688, mfalme akiwa mgonjwa kitandani, jemadari wake Phetracha akachukua madaraka na Phaulkon akakatwa kichwa. Utamu wa tamthilia upo hapo. Kadesurang kasoma historia, anayajua yote. Anakula na mtu, anacheka naye, na mwaka wa kifo chake anao kichwani. Anafanya urafiki na Maria Guyomar, mke wa Phaulkon, mwenye damu ya Kijapani na ya Kireno, ambaye Wathai husema ndiye aliyewaletea vitamu vya kiini cha yai vile vya nyuzinyuzi za rangi ya dhahabu, na ambaye baadaye alifanya kazi katika jiko la mfalme.

Mume wangu akaingia intaneti kwenye simu, akainua kichwa, akatangaza mbele ya wote, "Kwa hiyo huyu Phaulkon anachinjwa!" Mama yake hakumsemesha mpaka kesho yake. Alikuwa amelipenda koti la yule Mgiriki.

Akarudi kundini alipomletea habari nyingine. Ayutthaya ilikuwa bandari ya watu wa kila namna, Wajapani, Wareno, Waholanzi na Waajemi. Sheikh Ahmad wa Qom alishuka huko mwanzoni mwa karne ya 17, na kizazi chake, ukoo wa Bunnag, kikatoa mawaziri wakubwa wa Siam. Mama mkwe, ambaye ukoo wao husema asili yao ni Shirazi, akaikunja miguu vizuri. "Basi ni ndugu zetu," akasema, na kuanzia hapo akawa anawakosoa wachezaji kwa mamlaka zaidi.

Sasa mapenzi. Wathai wa tamthilia za zamani hawana haraka na midomo. Mwanamume anamsogelea mwanamke, anaweka pua shavuni, anavuta pumzi. Basi. Nikwambie, mbele ya mama mkwe, pua moja shavuni ni ndefu kuliko busu kumi. Mume wangu alianza kukagua dari, wifi akakohoa, mimi nikakumbuka nguo za kuanua usiku ule. Aliyebaki anatazama bila kupepesa ni mama mkwe mwenyewe. "Kafukiza udi huyo," akasema. "Mwanamke akinukia atanuswa." Asubuhi nikakuta kijaluba cha udi kimewekwa mlangoni kwangu, bila maelezo.

Kuna mahali kicheko kinanikwama, nalo niliseme. Phin na Yaem, wale vijakazi wawili wanaochekesha kuliko wote, ni watumwa. Wanatambaa sakafuni, na katika enzi za Karakade wa mwanzo walikuwa wanachapwa. Tamthilia inaliweka hilo laini, bibi mpya kaja na wema, mambo yakaisha. Siam iliufuta utumwa kabisa mwaka 1905, hapo juzi tu, na sisi wa pwani ndio wa mwisho wa kujifanya hatujui maana yake. Ningependa Phin apate japo dakika moja ya kueleza anaonaje.

Wathai wenyewe walipagawa. Mwaka ule watu walikodi nguo za kale wakamiminika Wat Chaiwatthanaram, hekalu la mwaka 1630 pale Ayutthaya, kupiga picha wakiwa wamevaa mitandio na kusokotwa nywele. Mwaka 2023 ukatoka mwendelezo, Prommalikhit, wachezaji wakuu Ranee Campen na Thanavat Vatthanaputi wakarudi tena, na wifi ameshaagiza flashi. Nitautazama. Sina ubavu wa kukataa.

Lakini kesi ya bonge haijafungwa. Wote wawili, Kadesurang mnene na Karakade mwembamba, wamechezwa na Ranee Campen huyo huyo. Unene ule ni wa kuvaa. Mchezaji walikuwa naye, unene wa kuvaa walikuwa nao, hariri ya kumtosha isingewashinda. Wangemwacha na kilo zake hadi mwisho. Maana hebu tazama vizuri nani aliyependwa. Det hakupenda kiuno. Alipenda ulaji, maneno mengi na kicheko, na hivyo vyote vilitoka Bangkok kwa bonge. Karakade wa mwanzo alikuwa na kiuno kile kile, ndani ya nyumba ile ile, na Det alikuwa hataki hata kumwona.