Likizo ya Mediterania, Saza: Mwongozo kwa Aliyenyimwa Viza

Usihangaike na ubalozi. Kalenda ya mvua ya Alexandria na Tunis tunayo hapa Saza, wilayani Songwe: mvua zinaanza mwishoni mwa mwaka, Desemba hadi Februari zimenoga, na kuanzia Juni hadi Agosti mbingu imefunga duka, huku na huko. Tofauti ni ndogo tu. Wenzetu mvua huwakuta wamevaa makoti, sisi hutukuta tumeshakaangwa.

Ukiulizwa sababu, jibu kitaalamu. Kwao, kiangazi huja na mgandamizo mkubwa wa hewa unaozuia mawingu, hadi majira ya baridi dhoruba za Atlantiki zipate upenyo. Kwetu jua likihamia kusini mwishoni mwa mwaka, huuvuta ukanda wa mvua nyuma yake. Yaani jua lile lile linalokuunguza Oktoba ndilo linalokuletea mvua, kwa hiyo ukilitukana, tukana kwa adabu.

Kuhusu mavazi: wa Tunduma na Vwawa hawaendi popote bila sweta. Njoo nalo. Gari likishaiacha Mbalizi na kuteremkia bonde la Rukwa, livue ulikalie. Viti vya magari ya huku vinalihitaji kuliko wewe. Mwavuli ubebe mwaka mzima, miezi sita kwa ajili ya mvua na sita kwa ajili ya jua.

Sasa jambo zito: usimuulize mchimbaji wa dhahabu wa hapa kama anataka mvua. Kiangazi atakwambia mawe yapo, karasha inasaga, ila maji ya kuchenjulia dhahabu mwaloni yanauzwa kama soda. Masika atakwambia maji ndiyo hayo, yamejaa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na pampu inakunywa mafuta kuliko mwenye duara anavyokunywa chai. Muulize jirani yake mwenye shamba la ufuta, naye atakujibu kinyume, na wote wawili watakuwa na haki. Hapa utani naweka pembeni: duara lililolowa usiliingie hata ukiahidiwa jiwe linalong'aa. Kifusi hakichagui mgeni. Wazungu wa New Saza, mgodi uliofungwa miaka ya 1950, walikuja kufuata dhahabu; sijasikia aliyesifu hewa.

Ufukwe je? Upo, safari kidogo tu bondeni: Ziwa Rukwa. Maji yake yana magadi, kwa hiyo anayedai chumvi ya bahari hatapunjwa sana. Halina mto unaotoka. Maji yakishaingia humo, njia ya kutokea ni kupanda angani kama mvuke. Kina chake ni kifupi, miaka ya ukame ukingo hurudi nyuma, hivyo usishangae hoteli uliyoiota pembeni ya maji ikabaki uwanja wa matope. Tandika mkeka wako mbali kidogo na maji. Viboko huogelea hapo bila kulipa kiingilio, na mamba ndio wanaopokea wageni.